Mafahali Wawili Zizini: Mataifa Makubwa kati ya Kushindana na Kushirikiana

Taifa huhesabiwa kuwa kubwa pale uamuzi linaoupitisha ndani ya mipaka yake unapobadilisha maisha ya watu walio mbali nayo. Benki Kuu ya Marekani ikipandisha riba, shilingi hutikisika Nairobi na Dar es Salaam. Viwanda vya China vikipunguza ununuzi wa shaba, hazina za Zambia na Kongo huonja upungufu. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya unga wa ngano, mafuta ya kula na mbolea ilipanda hadi kwenye maduka ya mitaani Afrika Mashariki. Ukubwa wa namna hii huhitaji mambo manne yakutane: uchumi mpana, jeshi linaloweza kufika mbali, ujuzi wa kisayansi, na uwezo wa kuandika kanuni ambazo wengine hulazimika kuzifuata.

Jinsi mataifa hayo yanavyogawana nguvu na kanuni ndiyo huitwa mpangilio wa dunia. Mpangilio huyumba pale nguvu zinapohama huku kanuni zikibaki mahali pake. Dunia ya leo iko katika hali hiyo. Kanuni zake kuu ziliandikwa mwaka 1945 na washindi wa vita, na tangu hapo China na India zimeinuka, Umoja wa Kisovieti umevunjika, na Afrika, ambayo wakati ule karibu yote ilikuwa chini ya wakoloni, imekuwa bara la nchi 54 huru.

Methali ya Kiswahili yasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Historia ya miaka 200 iliyopita inaonyesha kwamba wamekaa, tena mara nyingi, bila kuacha kupimana pembe. Kinachofaa kuchunguzwa ni masharti yaliyowawezesha kukaa, na nani aliyelipa gharama ya kukaa kwao.

Chimbuko la ushindani

Ndani ya nchi, aliyedhulumiwa hupeleka shauri lake mahakamani, na nyuma ya hakimu kuna askari. Kati ya mataifa hakuna hakimu wa aina hiyo, hivyo kila dola hutegemea nguvu zake na za marafiki zake. Hapo ndipo mtego unapotegwa. Taifa likiongeza manowari ili kujilinda, jirani yake huziona kuwa ni maandalizi ya kumshambulia, naye huongeza zake. Baada ya miaka michache wote wawili wana silaha nyingi zaidi na usalama mdogo kuliko mwanzo. Mwanahistoria Mgiriki Thucydides, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, aliona chanzo cha vita vya Athens na Sparta katika mambo mawili: kukua kwa Athens, na hofu iliyoingia Sparta kwa sababu ya kukua huko.

Uingereza na Ujerumani zilipita njia hiyo hiyo kabla ya 1914. Zilishindana kuunda manowari huku zikiuziana bidhaa kwa wingi, na biashara hiyo haikuzuia vita. Wanaotumaini kwamba soko peke yake litaleta amani wana kisa hiki cha kukizingatia.

Hata hivyo, si kila ushindani huzaa hasara. Umoja wa Kisovieti ulirusha setilaiti ya kwanza, Sputnik, Oktoba 1957. Marekani ikajibu kwa kumfikisha mtu mwezini Julai 1969. Elimu iliyotokana na mashindano hayo ndiyo leo inayowezesha utabiri wa mvua, mawasiliano ya simu na ramani zinazomwongoza dereva wa lori kutoka Mombasa hadi Kigali. Ushindani huwa wa hatari pale mmoja anapoamini kwamba kila anachopata mwenzake amenyang'anywa yeye.

Mapatano ya wakubwa na hasara ya wadogo

Baada ya kushindwa kwa Napoleon wa Ufaransa, Uingereza, Urusi, Austria na Prussia zilikutana Vienna mwaka 1814 na 1815, zikaafikiana kulinda uwiano wa nguvu barani Ulaya. Ufaransa iliyoshindwa haikutengwa daima. Mwaka 1818 ilikaribishwa mezani pamoja na wengine. Utaratibu huo ulikuwa na nyufa, na vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856 ni mojawapo, lakini kwa karibu miaka 100 Ulaya haikuona tena vita vya kuyaingiza mataifa yake yote makubwa kwa pamoja.

Meza iliyoleta amani Ulaya ilitumika pia kuigawa Afrika. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1884 na kufungwa Februari 1885, na hakuna mtawala wa Kiafrika aliyekaa humo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukizunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, na Sultani wa Zanzibar akabakiziwa katika mwambao ukanda wenye upana wa maili 10. Tarehe 1 Julai 1890 zilitia saini mkataba mwingine. Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na miongoni mwa ilivyopata ni Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini.

Kwa Berlin na London huo ulikuwa ushirikiano uliofaulu, kwani mgogoro ulimalizwa bila risasi kati yao. Kwa wenyeji wa Afrika Mashariki ulikuwa mwanzo wa kutawaliwa. Mstari ule ndio mpaka wa Kenya na Tanzania hadi leo, na Wamasai na Wadigo wanaishi pande zake zote mbili. Somo lake ni zito: wakubwa kupatana si lazima kuwe heri kwa wasiokuwepo. Mapatano hupimwa kwa kutazama yalimgusa nani na nani aliulizwa.

Woga uliozaa mikataba

Shirikisho la Mataifa lililoundwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia lilidhoofika kwa sababu wakubwa hawakubaki ndani yake. Marekani haikujiunga kamwe. Japani na Ujerumani zilitangaza kujitoa mwaka 1933. Waandishi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, waliazimia kutorudia kosa hilo. Mataifa matano, yaani Marekani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, yalipewa viti vya kudumu katika Baraza la Usalama pamoja na kura ya turufu. Haki hiyo imelikwamisha Baraza mara nyingi, na malalamiko dhidi yake yana msingi. Ndiyo pia iliyowafanya wakubwa wasiwe na sababu ya kuondoka.

Jaribio kali kuliko yote lilikuja Oktoba 1962. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umepeleka makombora ya nyuklia Cuba, nayo Marekani ikakizingira kisiwa hicho kwa manowari. Kwa siku 13 dunia ilikuwa ukingoni. Jambo lililowatisha viongozi baadaye ni udhaifu wa mawasiliano. Ujumbe kati ya Rais Kennedy wa Marekani na Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, ulichukua saa nyingi kuandikwa kwa siri, kutumwa na kutafsiriwa, hata ujumbe wa mwisho wa Khrushchev ukasomwa redioni Moscow ili ufike upesi.

Woga huo ulizaa kazi. Juni 1963 nchi hizo mbili zilikubaliana kuunganisha Washington na Moscow kwa mashine za kupeleka maandishi moja kwa moja. Agosti mwaka huo huo, pamoja na Uingereza, zilipiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, katika anga za juu na chini ya maji. Mwaka 1968 ulifunguliwa mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo. Mwaka 1987 Rais Reagan wa Marekani na Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, walikubaliana kuangamiza makombora ya masafa ya kati, na kufikia 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameteketezwa huku wakaguzi wa kila upande wakishuhudia katika ardhi ya mwenzao. Idadi ya vichwa vya nyuklia duniani, iliyokuwa imefika takriban 70,000 katikati ya miaka ya 1980, imeshuka hadi kama 12,000.

Hakuna kilichofanyika hapo kwa sababu ya mapenzi. Mafanikio yalisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni hatari ambayo kila upande uliiona kuwa yake. Ya pili ni njia ya mawasiliano iliyobaki wazi hata siku za hasira. Ya tatu ni ukaguzi, ili ahadi iweze kuhakikishwa kwa macho pale ambapo imani haipo.

Merca, 1977

Mfano bora wa ushirikiano wa mahasimu haukutokea katika silaha bali katika afya, na hatua yake ya mwisho ilikamilika kwenye mwambao wa Afrika Mashariki.

Ndui ulikuwa ukiua watu kwa mamilioni. Mwaka 1958, katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliofanyika Minneapolis nchini Marekani, naibu waziri wa afya wa Umoja wa Kisovieti, Viktor Zhdanov, alipendekeza ugonjwa huo utokomezwe duniani kote. Nchi yake ilikuwa imerejea karibuni tu katika Shirika la Afya Duniani baada ya kujitenga kwa miaka kadhaa. Mwaka uliofuata pendekezo lilipitishwa, na mwaka 1967 ilianza kampeni ya nguvu iliyoongozwa kutoka Geneva na daktari Mmarekani, Donald Henderson. Wasovieti walitoa chanjo iliyokaushwa, isiyoharibika upesi kwa joto, zaidi ya dozi bilioni 1. Kutoka Marekani ilikuja sindano ndogo yenye ncha mbili kama uma, ambayo hata mtu asiye daktari aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi.

Kazi yenyewe ilifanywa na maelfu ya watumishi wa nchi husika. Walipita kijiji kwa kijiji wakiwa na kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza kama kuna aliyemwona mgonjwa wa namna hiyo. Aliyepatikana alitengwa, na wote waliomzunguka wakachanjwa. Mbinu hiyo ya kuuzingira ugonjwa ilifaulu pale ambapo kuchanja kila mtu kusingewezekana.

Mwaka 1977 ndui ulikuwa umebaki Pembe ya Afrika. Julai mwaka huo majeshi ya Somalia yaliingia eneo la Ogaden nchini Ethiopia, na vita vikawaka kati ya nchi hizo mbili. Umoja wa Kisovieti, uliokuwa umeijenga Somalia kijeshi, uligeuka na kuisaidia Ethiopia pamoja na wanajeshi wa Cuba. Novemba Somalia ikawafukuza washauri wa Kisovieti na kuanza kuitazama Marekani. Pembe yote ilikuwa uwanja wa Vita Baridi kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti. Katikati ya miezi hiyo hiyo, mwishoni mwa Oktoba, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia, alitokwa na vipele. Alikuwa amepanda gari moja na watoto wagonjwa waliokuwa wakipelekwa kutengwa. Watu aliokutana nao walitafutwa na kuchanjwa, naye akapona. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 ilitangazwa rasmi kwamba ugonjwa huo umetoweka.

Bunduki na chanjo zilifika katika eneo moja, wakati mmoja, kutoka kwa mataifa yale yale. Chanjo ilivuka mistari ya uhasama kwa sababu kazi ilikabidhiwa chombo ambacho hakikuwa cha upande wowote, lengo lilihesabika mgonjwa kwa mgonjwa, kila dola ilitoa ilichokuwa nacho, na ushindi haukumpunguzia yeyote kitu. Nchi maskini zilikuwa na watu wao kazini tangu mwanzo hadi mwisho.

Ukosefu wa masharti hayo ulionekana mwaka 2020. Virusi vya korona vilipoenea, Marekani na China zilishikana kwa lawama, na Marekani ikatoa taarifa ya kujitoa katika Shirika la Afya Duniani, ingawa uamuzi huo ulifutwa mwaka uliofuata. Chanjo zilipopatikana, nchi tajiri zilijiwekea dozi nyingi kuliko mahitaji yake na Afrika ikasubiri. Sayansi ilikuwa imepiga hatua kubwa kuliko ya mwaka 1967. Kilichopungua ni mapatano.

Doria katika bahari moja

Bahari ya Hindi ilitoa mfano mwingine. Mashambulizi ya maharamia kutoka pwani ya Somalia yalipoongezeka mwaka 2008, Baraza la Usalama liliruhusu meli za kivita kuwafuata. Zikaja za Umoja wa Ulaya, NATO, Urusi, India, Japani na China, ambayo Desemba mwaka huo ilituma manowari zake kwa kazi hiyo ya mbali. Mabaharia wa nchi zinazotiliana shaka walipanga pamoja ratiba za kusindikiza meli za mizigo katika Ghuba ya Aden. Mashambulizi yalifika kilele karibu mwaka 2011, kisha yakashuka kwa kasi.

Hatari ilipopungua, ushindani ulirudi juu. Djibouti, nchi ndogo kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, ina vituo vya kijeshi vya Ufaransa, Marekani, Japani na Italia, na tangu 2017 cha China. Ushirikiano uliojengwa juu ya hatari ya muda hudumu kadiri hatari hiyo inavyodumu.

Marekani na China

Uhusiano unaoamua zaidi sura ya karne hii ni wa Marekani na China. Ulifunguliwa na Rais Nixon wa Marekani alipozuru Beijing Februari 1972, kila upande ukiwa na hofu na Moscow. Uhusiano wa kibalozi ulianzishwa rasmi Januari 1979, na Desemba 2001 China ikaingia katika Shirika la Biashara Duniani. Viwanda vya China viliwauzia Wamarekani bidhaa za bei nafuu, na fedha za mauzo zikarudi Marekani kwa njia ya kununua dhamana za serikali. Mamia ya mamilioni ya Wachina walitoka katika umaskini. Baadhi ya miji ya viwanda ya Marekani ikapoteza ajira, na kinyongo kikakua.

Mwaka 2018 vilianza vita vya ushuru. Oktoba 2022 Marekani ilizuia China kununua chipu za kompyuta za hali ya juu na mitambo ya kuzitengenezea. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145 na wa China kwa za Marekani asilimia 125, viwango vinavyokaribia kufunga biashara kabisa. China ilibana pia mauzo ya madini adimu yanayohitajika kutengeneza sumaku za magari na silaha. Mwezi mmoja baadaye, mjini Geneva, pande zote zilikubali kupunguza. Kila mmoja alikuwa ameshika koo la mwenzake, na wote walihitaji kupumua.

Hapa ndipo zizi la leo linapotofautiana na la Vita Baridi. Washington na Moscow zilikuwa na biashara ndogo sana kati yao, hivyo zilidhibitiana kwa woga wa nyuklia. Washington na Beijing zimefungwa kwa bidhaa, fedha, elimu na hewa. Kwa pamoja hutoa zaidi ya asilimia 40 ya hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma makaa, mafuta na gesi. Tamko lao la pamoja la Novemba 2014 ndilo lililofungua njia ya Mkataba wa Paris wa Desemba 2015. Marekani ilijitoa katika mkataba huo mwaka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 ikatangaza tena kujitoa. Ahadi inayotegemea uchaguzi wa nchi moja ni dhaifu, hata kama hatari inayolengwa ni ya wote.

Nguzo ya ukaguzi nayo inabomoka. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati ulikufa mwaka 2019. Mkataba wa mwaka 2010, ulioweka kikomo cha vichwa 1,550 vilivyo tayari kutumika kwa Marekani na Urusi na kuruhusu ukaguzi hadi mara 18 kwa mwaka, ulisimamishwa na Urusi mwaka 2023, na muda wake ulipangwa kwisha Februari 2026. China haimo katika mkataba wowote wa kuhesabu vichwa hivyo. Nguzo ya mawasiliano bado imesimama kwa kiasi: Novemba 2024, mjini Lima, Rais Biden wa Marekani na Rais Xi wa China walikubaliana kwamba uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu, usiachiwe akili mnemba.

Nafasi ya wasio wakubwa

Nchi ndogo hazikukaa kutazama tu. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, kura 76 dhidi ya 35, nyingi za kukubali zikitoka Afrika na Asia, na Tanzania chini ya balozi wake Salim Ahmed Salim ikiwa mstari wa mbele. Gharama ilifika baadaye. Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 1981, Marekani ilimzuia mara kwa mara kwa turufu, China ikamzuia Kurt Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa madarakani, vivyo hivyo, na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Faida nayo ilipatikana. Walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia ya kusafirisha shaba bila kupita kusini. Nchi za Magharibi zilikataa kugharimia reli ya kwenda Dar es Salaam. China ilitoa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860. Marekani, isiyotaka kuachwa nyuma, ilisaidia kujenga barabara ya lami katika ushoroba huo huo. Marais Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia walijua wanachokitaka kabla wageni hawajabisha hodi, na ushindani wa wageni ukawapa reli na barabara.

Hali kama hiyo inajirudia. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Desemba mwaka huo Rais wa Marekani alikuwa Angola akiunga mkono reli ya Lobito, inayoelekea kwenye migodi ile ile ya shaba na kobalti kutoka upande wa Atlantiki. Umoja wa Afrika umekuwa mwanachama wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, tangu Septemba 2023. Viti na reli hizo zitawafaa wenyeji kadiri watakavyokubaliana mapema juu ya madai yao. Nchi inayojadiliana peke yake kwa siri hurudi kwenye meza ya 1890.

Kila mapatano ya wakubwa, basi, yanaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, hatari inayowaunganisha ni ya kweli kwa wote? Nani atakagua na kwa njia gani? Nani ataguswa na uamuzi bila kuwemo chumbani? Mapatano ya Uingereza na Ujerumani yalijibu vizuri mawili ya kwanza, yakaanguka katika la tatu. Mikataba ya nyuklia ilidumu kwa kadiri swali la pili lilivyoheshimiwa. Kampeni ya ndui ilijibu yote matatu, na hadi leo hakuna mtoto anayezaliwa duniani akihofia ugonjwa huo.